Butembo na Beni: bunduki iko begani, lakini sekirite nani anaiangalia?

Ni picha ambayo mkaaji wa Butembo ao Beni ameizoea. Mtu mwenye silaha anapanda pikipiki, anaweka bunduki katikati ya mapaja, mdomo wake ukielekea kidevu chake mwenyewe ao kisogo cha motari. Barabara ina mashimo, pikipiki inaruka. Hakuna anayeuliza kama risasi imo ndani, wala kama sekirite imefungwa.

Katika miji hii miwili, iliyoachana kwa kilomita 54 hivi, tunahesabu waliouawa na ADF na makundi mengine. Kuna risasi nyingine ambayo haizungumzwi sana: ile ambayo hakuna aliyetaka kuipiga. Inatoka wakati silaha inasafishwa, inaanguka kwenye meza ya baa, ao inachezewa na mtoto. Hiyo ndiyo inayoweza kuzuiliwa bila vita yoyote.

Wanaojua hatari hiyo vizuri ni wale wanaopiga bastola kwa mchezo. Kwao kifyatulio, kile tunachoita gasheti, kinapimwa kwa uzito. Katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha, ISSF, bastola ya meta 25 haikubaliwi kama gasheti yake inaachia kwa uzito wa chini ya gramu 1.000. Waamuzi wanaipima kabla ya mchezaji kuingia uwanjani. Na wakati hakuna anayepiga, kila silaha inawekwa kamba ya rangi kali ndani ya chemba, ili hata aliye mbali aone kwamba haina risasi.

Wachezaji hao wanapenda kununua gasheti laini, kwa sababu mkono hautikisiki na shabaha inapatikana. Lakini gasheti ikiwa laini kupita kiasi, kidole kikigusa kidogo tu, risasi imetoka. Ndiyo maana kazi hiyo inafanywa na fundi aliyesomea, na silaha inajaribiwa tena kabla ya kurudishwa.

Hata viwanda vikubwa vinakosea. Mwaka 2017, kampuni ya Sig Sauer ilitangaza kuwabadilishia wateja gasheti na vipande vingine vya bastola P320, kwa kuwa majaribio yalionyesha kwamba ikianguka kwa namna fulani inaweza kupiga yenyewe. Gasheti mpya ilifanywa nyepesi, ili uzito wake usiirudishe nyuma bastola inapogonga chini.

Kwetu bastola za mchezo si za kawaida. Tuko na AK-47 na ndugu zake, nyingi zikiwa zimepita mikono mingi, na vijijini tuko na calibre 12 zilizotengenezwa na mafundi wa mtaani. Hizo za kutengeneza mara nyingi hazina sekirite yoyote. AK inayo: ni kile chuma kirefu cha upande wa kuume. Kikiwa juu, gasheti imefungwa. Kikishushwa hatua ya kwanza, bunduki inapiga mfululizo. Hatua ya mwisho ndiyo risasi moja moja. Kwa hiyo anayeteremsha chuma hicho kwa haraka na kuishia katikati, akigusa gasheti, hatoi risasi moja. Anatoa nyingi, na mtaa mzima unazipokea.

Chuma hicho nacho kinachakaa. Sekirite haichukui nafasi ya akili ya mwenye kushika silaha. Kanuni zinazofundishwa kokote ni zile zile: uione kila bunduki kama ina risasi, mdomo wake usielekee mtu, kidole kikae nje ya gasheti mpaka saa ya kupiga, ujue kilicho nyuma ya shabaha. Hazidai hata franga moja.

Sheria nayo ipo. Ile ya tarehe 3 Septemba 1985 inamkataza raia kuwa na silaha bila ruhusa. Mkataba wa Kinshasa wa mwaka 2010, ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi za Afrika ya Kati kutia alama kwenye silaha na kuzihifadhi vizuri. Lakini alama haifungi sekirite. Anayeweza kuamuru ifungwe ni kamanda, kila asubuhi, kabla ya watu wake kutoka kambini. Mkoa uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021, kwa hiyo amri kama hiyo haina njia ndefu ya kupita. Vikundi vya Wazalendo pia vina wakubwa wao, na risasi ya bahati mbaya haiulizi nani ni mzalendo.

Amri tatu zingetosha kwa kuanza: bunduki isiwe na risasi kwenye chemba ndani ya mji, isiingie baa, soko wala kwenye matanga, na juu ya pikipiki, mdomo wake uelekee mahali ambapo hakuna mtu.

Na sisi raia? Mtoto akiokota bunduki ao risasi shambani, asiguse, aite mkubwa. Mkubwa naye asijaribu kuifungua wala kuificha nyumbani. Aarifu mkubwa wa mtaa ao polisi. Na motari anayemuona abiria anapanda na silaha, ana haki ya kusema kwa heshima: « Mkubwa, tafadhali, geuza mdomo wa bunduki kwanza. »