Maumivu ya kiuno yanayozidi ukilala: eksirei haitoshi

Maumivu ya kiuno ni maradhi ya kila nyumba huku kwetu. Mbeba mizigo anayo, mama aliyeinamia mbuzi ya nazi miaka thelathini anayo. Aghalabu ni misuli au diski, na baada ya wiki kadhaa yanapoa. Nataka kueleza yale machache yasiyopoa, kwa sababu jamaa yangu mmoja alizunguka nayo zaidi ya mwaka. Alichuliwa, akapigwa hijama, akapigwa eksirei mara tatu, na kila mara akaambiwa mifupa ni mizima. Na kweli ilikuwa mizima. Ugonjwa haukuwa kwenye mfupa.

Mshipa wa fahamu una ala yake, kama kisu. Ala hiyo hufanywa na seli zenye jina la Mjerumani Theodor Schwann, mwanasayansi wa karne ya 19. Zikianza kuzaana ovyo, hutokea uvimbe uitwao shwanoma. Unaye ndugu yake, nyurofibroma, ambao wakati mwingine huenda na madoa mengi ya rangi ya kahawa kwenye ngozi. Ni nadra, na nyingi si saratani. Taabu ni pale zinapokaa. Ule ugwe wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake hubaki kitita cha mishipa ambacho madaktari hukiita mkia wa farasi. Humo ndimo zinamopita amri za miguu, kibofu na haja kubwa. Uvimbe hukua humo polepole, hata kwa miaka.

Kiuno cha kawaida hupata nafuu ukijinyoosha kitandani. Huu mara nyingi huzidi ukilala, ukamwamsha mtu usiku. Jamaa yangu alifikia kulala ameketi kitini, na sisi tukidhani ni ukaidi wa uzee.

Eksirei huonyesha mfupa. Uvimbe ukishakuwa mkubwa, daktari mwenye jicho anaweza kuona tundu la kutokea mshipa limepanuka, au mgongo wa pingili umelika. Ukiwa mdogo, picha hutoka safi. Kipimo chenyewe ni MRI, kinachotumia sumaku na si mionzi. Hudungwa dawa ya gadoliniamu kwenye mshipa wa damu, na uvimbe ukainywa ukang'aa. Diski iliyochomoka kwa kawaida hung'aa pembeni tu. Ukiwa umetokeza nje kupitia tundu la pingili, huonekana kama kibuyu kilichobanwa katikati.

Bei ya MRI inatisha, nakubali. Lakini eksirei tatu na chupa za mafuta nazo zililipiwa.

Kina mama, pini za mtandio na bangili zivuliwe kabla ya kuingia. Mwenye kifaa cha moyo, maradhi ya figo au mimba aseme mapema. Mashine hupiga kelele sana na nafasi ni finyu, basi mgonjwa aambiwe kabla, asije akaruka katikati ya picha.

Hata hivyo picha haitoi hukumu ya mwisho. Jina la uvimbe huthibitishwa maabara, kwa kipande kilichotolewa kwa sindano au kwenye upasuaji. Shwanoma mara nyingi huweza kubanduliwa kwenye mshipa. Nyurofibroma ni ngumu zaidi, kwani nyuzi za mshipa hupita ndani yake. Ya jamaa yangu ilikuwa shwanoma. Anatembea, ila wayo mmoja umebaki na ganzi.

Na mtu akianza kufa ganzi sehemu za makalio na mapajani kwa ndani, mguu ukalegea, au mkojo ukagoma kutoka, hiyo si ya kungojea kliniki ya Jumatatu. Apelekwe hospitali kubwa usiku huo huo, na bahasha ya picha zake zote za zamani, maana daktari atataka kuzilinganisha.