Ni jeni, si jini: Selimundu na kazi ya Profesa Julie Makani

Nikiwa zamu siku moja, mama wa Ipole, pale njia ya Mbeya na ya Mpanda zinapoachana, alimleta mwanawe wa miaka miwili. Vidole vimevimba, macho ya manjano, analia tangu usiku. Nyumbani walishasema mtoto ana jini. Mama mkwe naye alisema kasoro imetoka ukoo wa mkewe mwanawe. Tulipopima damu tukakuta selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Nikamwambia yule mama: hii ni jeni, si jini.

Jeni ni maelekezo tunayorithi kwa baba na mama. Mwili hutoa nakala ya maelekezo hayo, iitwayo RNA, na nakala hiyo ndiyo inayosomwa ili kutengeneza hemoglobini ya damu. Tuliokaa madrasa tunajua: ukikosea herufi moja, maana inageuka. Katika selimundu herufi moja tu ya jeni imebadilika, na RNA hubeba kosa lile lile. Chembe nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali.

Kwa nini jeni hii imeenea kwetu? Mwaka 1954 Dk. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Basi si laana ya ukoo wala ya kabila. Na Tabora, mji wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji, damu zimechanganyika siku nyingi.

Mtanzania aliyeushughulikia sana ugonjwa huu ni Profesa Julie Makani. Alihitimu udaktari Muhimbili mwaka 1994, akasoma London na Oxford, kisha akarudi nyumbani. Kuanzia mwaka 2004 yeye na wenzake waliandikisha wagonjwa Muhimbili na kuwafuatilia, hadi wakazidi 2,000. Waliona kuwa wanaokufa zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Royal Society Pfizer ya Uingereza.

Aidha, katika utafiti wa jeni uliotolewa mwaka 2014, walitazama kwa nini baadhi ya wagonjwa hubaki na hemoglobini ya kichanga, ambayo hupunguza makali ya ugonjwa. Jeni moja inayohusika huitwa BCL11A. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayotumia RNA kama kiongozi wa kufika kwenye jeni hiyo na kuidhoofisha. Bei yake Marekani ilizidi dola milioni 2, kwa hiyo bado iko mbali na sisi.

Lakini yaliyo karibu nasi yanaokoa maisha. Mtoto apimwe mapema, akiwa mchanga ikiwezekana. Apewe penisilini kila siku hadi miaka 5, chanjo zote, na asidi ya foliki. Alale ndani ya chandarua, anywe maji mengi, akingwe na baridi. Daktari akiona inafaa, ataanzishiwa haidroksiyurea. Homa au weupe wa ghafla viganjani: mwahi kituo cha afya, msingoje asubuhi.

Kuhusu saumu, mgonjwa asijiamulie mwenyewe, kwani kukosa maji huamsha maumivu. Amuone daktari, kisha amuulize sheikh wake.

Na kabla ya nikaha, wachumba wapime. Wote wawili wakiwa na jeni hiyo moja moja, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Basi baba, usimrudishe mkeo kwao kwa sababu ya mtoto huyu. Ili augue, lazima nawe umempa nusu yako. Mleeni pamoja.