Ulanga wa Zambarau na Jamaa Zake

Mchanga wa makorongo ya Kondoa humetameta juani. Katika vitanda vya mito mikavu chini ya vilima vya Irangi huonekana vipande vyembamba vya rangi ya dhahabu, na si ajabu mtu akashawishika kuvikusanya. Dhahabu hasa ina uzito wa mara 19 kuliko maji ya ujazo ule ule. Vipande hivi vina uzito wa mara tatu tu, au kupita kidogo. Navyo ni ulanga mweusi, kwa jina la kitaalamu biotaiti, uliotoka katika miamba ya granaiti na naisi, ukachujuka kwa jua na mvua hata weusi wake ukawa kama shaba.

Rangi, basi, ni shahidi dhaifu. Jambo hilo laonekana wazi zaidi tukimtazama jamaa wa nadra wa ukoo huu: ulanga wa zambarau, yaani lepidolaiti, ambao katika Mkoa huu huu wa Dodoma umepatikana huko Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji.

Ulanga wote hubanduka kwa tabaka, na ukipinda kipande chembamba kisha ukakiachia, hurudi kilivyokuwa. Sababu imo katika mpango wa atomu. Fikiri mikeka miwili iliyobana godoro jembamba kati yake. Mikeka ni ya silikoni na oksijeni, pamoja na alumini kidogo. Fungu moja la namna hiyo hulala juu ya jingine, na kinachoyashikamanisha ni atomu za potasiamu. Mshikamano huo ni hafifu, ndiyo maana ukucha watosha kuyatenganisha.

Godoro ndilo linaloamua jina. Tuseme lina viti vitatu. Katika ulanga mweupe, maskovaiti, alumini hukalia viti viwili na cha tatu huwa kitupu. Katika biotaiti vyote vitatu vimejaa magnesi na chuma. Katika lepidolaiti wakaaji ni lithiamu na alumini. Wako pia jamaa ambao mahali pa potasiamu pamekaliwa na kalsi. Hao mshikamano wao ni mkali zaidi, na tabaka zao huvunjika badala ya kupindika.

Mwanakemia Mjerumani Klaproth ndiye aliyetoa jina la lepidolaiti mwaka 1792, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gamba, maana mara nyingi madini haya huonekana kama magamba madogo yaliyosongamana. Wakati huo lithiamu ilikuwa haijajulikana. Iligunduliwa na Arfwedson wa Uswidi mwaka 1817 katika jiwe jingine. Mwaka 1861 Bunsen na Kirchhoff waliuchunguza mwanga wa lepidolaiti iliyotayarishwa maabarani, wakaona mistari myekundu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Wakaiita elementi hiyo mpya rubidiamu.

Kwa nini vitu adimu hivyo vikusanyike humo? Mwamba wa moto unapopoa chini ya ardhi, madini ya kawaida hutangulia kuganda. Lithiamu ni ndogo mno, rubidiamu ni kubwa mno. Zote mbili hukosa nafasi, zikabaki katika mabaki ya majimaji hadi mwisho. Mabaki hayo yakiganda huwa pegmatiti, mwamba wa chembe kubwakubwa. Lakini pegmatiti nyingi hazina lithiamu yoyote ya maana, na biotaiti ya korongoni haimwambii mtu kwamba lepidolaiti iko karibu.

Hata zambarau yenyewe haitokani na lithiamu, bali na manganisi kidogo. Ipo lepidolaiti ya kijivu, hata nyeupe. Mwalimu aweza kuonyesha kipimo bora zaidi: unga kidogo wa jiwe juu ya waya safi uliochovywa katika asidi ya hidrokloriki, kisha katika mwali usio na rangi. Lithiamu huupaka mwali wekundu mkali, ingawa chumvi ya jasho la vidole hutosha kuuficha kwa umanjano. Na jiwe la zambarau lisilokwaruzika kwa kisu si ulanga; pengine ni kwatzi.

Mwaka 1998 halmashauri ya Jumuiya ya Kimataifa ya Madini iliamua kwamba lepidolaiti si madini ya aina moja, bali ni mfululizo kati ya trilithionaiti na polilithionaiti, kwa kadiri ya lithiamu iliyomo. Biotaiti nayo ilifanywa jina la mfululizo. Majina ya zamani yanafaa porini, ambako hakuna maabara. Vitabu vya shule vinavyoyapa kila moja fomula moja tu vyastahili kusahihishwa.

Siku hizi lithiamu yatakiwa sana kwa betri za simu na magari, na mawe ya zambarau yaweza kupata wanunuzi wenye haraka. Mwenye jiwe asiuze kwa rangi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iko Dodoma mjini, na maabara yake hupima sampuli.