Ukipita Ukambani, shuka garini kabla ya kupiga panorama

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Mtito Andei uko Makueni, na mkono wa kushoto vilima vya Chyulu vinakufuata kwa muda mrefu. Mvua inayonyweshea vilima hivyo ndiyo inayotokea Mzima na kuletwa Mombasa kwa bomba. Karibu kila basi hakosi abiria anayetoa simu dirishani ili avinase vyote kwa picha moja ndefu. Picha hutoka imekatikakatika.

Simu si mbovu. Panorama ni vipande vingi vya picha ambavyo simu huviunga kwa kutafuta alama zinazofanana. Basi likienda, mti ulio karibu hukimbia na kilima cha mbali kinabaki palepale, kwa hiyo alama hazikutani.

Hata ukisimama chini unaweza kuharibu vivyo hivyo. Wengi hunyoosha mikono na kuzunguka, simu ikaenda duara kubwa. Bana viwiko mbavuni, simu ikae mahali pamoja, wewe uizunguke kwa miguu. Ukitaka uhakika, funga uzi wenye kijiwe chini ya kamera: kijiwe kisiondoke juu ya alama uliyochora ardhini.

Pa kujifunzia ni mwamba wa Nzambani, karibu na mji wa Kitui. (Ndio ule wanaosema ukiuzunguka mara saba unageuka, mwanamume akawa mwanamke.) Unapanda ngazi za chuma, na juu unaona pande zote. Vitu vikiwa mbali, makosa hayaonekani sana. Vyuma vya ngazi vilivyo karibu ndivyo huvunjika kwanza, basi visogee mbali. Kabla ya kuanza, bonyeza kioo kwa kidole upande usiotazama jua na ukishikilie mpaka mwangaza ufungwe, la sivyo anga itakuwa na mabaka.

Picha ya duara zima, yenye mbingu na ardhi, ni jambo jingine. Waliojifunza kwa programu ya Street View waliachwa njiani Google ilipoifunga 2023. Siku hizi kuna kamera ndogo zenye lenzi mbili. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, kwa sababu ikienda kama picha ya kawaida hupunguzwa na mwenzako hupata kitu kilichotandazwa kama chapati.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa Pwani? Mto Athi unaopita kati ya Makueni na Kitui ndio huo huo Sabaki unaomwaga maji mekundu kaskazini mwa Malindi. Makueni ina sheria ya mchanga tangu 2015, na mtu anayetaka kuonyesha ukingo ulivyoliwa anaweza kupiga picha kutoka jiwe lilelile kila kiangazi. Ila panorama hupinda ukingo ulionyooka, kwa hiyo haifai kupimia shimo. Piga na picha ya kawaida, na uweke jembe kando ya shimo ili ukubwa uonekane.

Na kamera ya duara haina nyuma. Ukipiga lori la mchanga, umepiga pia boma lililo mgongoni mwako, na wenye lori watajua umesimama kwa nani. Omba ruhusa ya mwenye boma, au tumia simu na ukate upande huo.