Viatu Vilale Mzungu wa Nne

Ukishuka matatu Khayega, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, ukapanda bodaboda kupitia Shinyalu hadi kituo cha msitu cha Isecheno, mvua haikosi kukuamkia, hasa kama umechelewa kuondoka. Msitu wa Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha alasiri, pale mgeni anapotaka kuingia vijiani kutazama kima na ndege. Ndiyo maana anayekuja huku akijua anakokuja hubeba viatu vya aina tatu: vya safari, gambuti au buti za kutembelea msituni, na patipati za kuogea. Aina mbili kati ya hizo zitarudi nyumbani zimelowa. Zitarudi ndani ya nini, ilhali begi ni moja na lina mashati?

Zamani jibu lilikuwa juala. Lilikuwa na uzito wa gramu chache, halikupitisha tone, na ulilipewa bure dukani. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya Kenya ikaanza kazi, na adhabu yake si ya mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tarehe 5 Juni 2020 ikafuata nyingine: plastiki za kutumika mara moja zisionekane tena kwenye mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi. Rwanda ilitangulia mwaka 2008, na Tanzania bara ikafunga mlango tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo anayechomoa juala la zamani lililosahaulika chini ya kitanda akaja nalo Isecheno ana makosa mawili mkononi, si moja.

Mimi ni mshonaji wa mabegi, na silililii juala. Limeharibu viatu vingi kuliko mvua yenyewe. Niliwahi kurudi Nairobi kwa basi la usiku, buti zangu za ngozi zikiwa mbichi, nimezifunga kabisa ndani ya mfuko usiopitisha hewa ili zisichafue nguo. Nilipofika nikashikwa na uvivu, nikaziacha humo siku nne. Nilipofungua, mshono unaoshika ulimi wa buti ulikuwa umeota vijinywele vya kijivu kama ndevu za mzee, na harufu ikanipiga kabla sijaingiza mkono. Nguo zilisalimika, buti zikafa.

Sababu yake haina uchawi. Mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali, na zinachosubiri ni unyevu, joto kidogo na chakula. Ngozi ni chakula, jasho lililokauka ni chakula, hata gundi ya soli baadhi ya ukungu huila. Unachoongeza wewe ni unyevu, na ukifunga mdomo wa mfuko umeuzuia usiondoke. Tena usidhani jambo hili linawahusu waliokanyaga madimbwi tu. Kiatu kilichovaliwa kutwa nzima hakijakauka, kwa sababu mguu hutoa jasho na bitana hulinywa.

Basi anayeniuliza, “Mwalimu, ni mfuko gani mwepesi kuliko yote?” namrudishia swali: viatu vyako vitakuwaje saa ya kufunga safari? Kiatu kikavu kinataka kitambaa kinachopumua, kwa sababu kazi ya mfuko hapo ni kuzuia vumbi la soli lisiguse kola ya shati. Kiatu kibichi kinataka kitambaa kisichopitisha maji, lakini mdomo wake uachwe wazi na mfuko ukae juu kabisa ya begi au uning'inie nje. Ukivibadilisha, cha kwanza kitanuka na cha pili kitalowesha kila kitu. Mfuko mmoja wa kazi zote mbili sijauona bado, japo wauzaji huahidi.

Sasa uzito. Sisi mafundi hupima kitambaa kwa gramu za kila mita moja ya mraba, na ukiijua namba hiyo unaweza kuupima mfuko kabla haujashonwa. Kwanza pata ukubwa. Laza viatu mzungu wa nne, kama watoto wanavyolazwa kitanda kimoja wageni wakizidi: ncha ya kiatu hiki kwenye kisigino cha kile, soli zikitazama nje. Hapo viatu vinaingiliana, na pale penye kiuno chembamba cha kimoja ndipo panapoingia tumbo la kingine. Jozi ya kawaida ya namba 42 ikilazwa hivyo huwa na urefu wa sentimita 30, upana wa 20 na kimo cha 11 hivi. Zungusha utepe kiunoni mwa jozi hiyo, utapata 62. Nusu yake ni 31, ongeza 3 za mishono, upana wa mfuko ni 34. Urefu ni 30, ongeza 11 za kupanda na kushuka pande mbili, ongeza 4 za pindo la kamba, jumla 45. Pande mbili za 34 kwa 45 ni karibu theluthi moja ya mita ya mraba.

Kuanzia hapo ni hesabu ya darasa la tano. Jinzi nzito, ya gramu 400, itakupa mfuko wa gramu zaidi ya 120 kabla hujatia kamba. Huo ni mzigo. Waachie wanaobeba nyundo. Kitambaa cha marekani, cha gramu 150, kitakupa gramu 46. Nailoni au poliesta nyembamba, ya gramu 65, itakupa 20 tu. Mifuko ya supamaketi iliyorithi nafasi ya juala, ile inayoonekana kama kitambaa lakini haikufumwa bali nyuzi zake zimegandamizwa kwa joto, huwa na gramu 24 hivi kwa ukubwa huo. Inapumua na ni nyepesi, ila huchanika kwenye mshono na baada ya miezi huanza kupukutika, na mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitangaza kuipiga marufuku kwa ajili ya ubora wake duni. Mimi huitumia kwa patipati tu.

Marekani ndiyo kipenzi changu kwa viatu vikavu, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wenye nailoni za bei. Jina lenyewe linakumbusha lilikotoka: pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem katika karne ya 19, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said. Ilipanda bara na misafara, ikatumika hata kama fedha. Kitambaa kilichobebwa kichwani hadi Ujiji hakitashindwa na raba zako. Kinafuliwa, kinachemshwa, kinapigwa pasi, na kikichakaa ni tambara la kung'arishia viatu vilevile.

Lakini nikuambie ukweli ambao wauza mifuko hawautaji: tofauti ya marekani na nailoni ni gramu 26. Udongo wa Isecheno ni mwekundu na unanata. Ukitoka kwenye vijia vya msitu baada ya mvua, soli ya buti imejaa tope katika kila mfereji, na jingine limepanda hadi kwenye kamba. Mara ya mwisho nililikwangua kwa kijiti barazani, nikaliweka kwenye mizani ya jikoni pamoja na mifuko niliyokuwa nimeibeba kuijaribu. Tope la buti moja tu liliishinda mifuko yote sita kwa uzito. Na maji yaliyonywewa na bitana bado sijayahesabu. Kama unapanda ndege Kisumu na shirika lako linaruhusu kilo 7 mkononi, kama mengi yanavyofanya, anza na kijiti.

Kijiti hicho kina faida nyingine. Tope husafirisha mbegu kutoka msitu huu kwenda shamba lile. Mpera, mti uliotoka Amerika, umeshajipenyeza kwenye kingo na mapengo ya msitu wa Kakamega. Huo umeenezwa zaidi na ndege na kima wanaopenda matunda yake, lakini magugu mengine hayana mabawa, husafiri kwa soli. Wanaotoka hapa kwenda Australia au New Zealand wanalijua hili kwa njia ya uwanja wa ndege: kule buti zenye udongo hutangazwa kwenye fomu, na afisa huzigeuza soli kwa macho yake.

Kuna mahali pamoja ambapo sikubali mchezo kabisa. Karibu na Isecheno kuna kilima cha Lirhanda, wageni hupanda alfajiri kuona jua likichomoza juu ya miti. Ubavuni mwake kuna handaki lililoachwa na wachimba dhahabu wa miaka ya 1930, enzi ambazo habari za dhahabu ya Kakamega zilileta walowezi na majembe yao. Leo wenyeji wa handaki ni popo. Ukiingia humo unakanyaga kinyesi chao, na kinyesi cha popo kinaweza kubeba vimelea usivyotaka karibu na mswaki wako. Viatu vilivyoingia handakini vioshwe palepale kituoni, viingie kwenye mfuko wake wenyewe, na mfuko huo uchemshwe nyumbani. Hapa marekani inashinda tena, kwa kuwa nailoni haipendi maji yanayotokota.

Kuhusu kufunga mdomo, sitasema mengi. Zipu ni nzito, na chembe moja ya tope ikikauka katikati ya meno yake umekwisha. Velkro hukusanya manyoya ya soksi. Kamba ya kuvuta inatosha, na nzuri kuliko zote ni kamba ya kiatu kilichokufa: ndefu, laini, ina ncha ngumu inayopenya kwenye pindo bila kuhitaji pini. Usiku, viatu vikavu vifungwe ndani ya mfuko hata kama husafiri kesho. Msitu huu una siafu, una buibui, na kiatu kilichoachwa wazi ni nyumba ya bure.

Kabla ya kufunga, jaza gazeti lililokunjwakunjwa ndani ya kila kiatu kibichi, ulibadilishe likishalowa. Usiviweke kando ya jiko; ngozi iliyokaushwa kwa moto hupasuka. Kwa harufu, badala ya zile dawa za kupuliza, mimi huweka majani makavu ya mrehani wenye harufu ya kafuri unaolimwa na wakulima wa pembezoni mwa msitu. Kikundi cha Muliru Farmers Conservation Group hutengeneza kutokana na mafuta yake dawa ya kuchua iitwayo Naturub, na mwaka 2010 kilipewa tuzo ya Equator ya UNDP kwa kazi hiyo. Majani machache hayana uzito wa kutajwa. Soksi nazo ziingie ndani ya viatu vikavu, nafasi ile isikae bure.

Umebaki mfuko wa viatu vibichi, na huu usiununue. Nchi yenye mvua ya alasiri haikosi miavuli iliyovunjika mbavu, na kitambaa cha mwavuli ni hichohicho nilichokitaja, poliesta au nailoni nyembamba iliyopakwa dawa ya kuzuia maji. Mwavuli wa kawaida una vipande vinane vya pembetatu, kila kimoja na kitako cha sentimita 38 hivi na kimo cha 50 na kitu. Fumua mishono kwa wembe, taratibu. Chukua vipande vinne, uvipange navyo mzungu wa nne: kimoja ncha juu, cha pili ncha chini. Vikiunganishwa vinatoa ukanda ulioinama kidogo ubavuni, usiukate. Unganisha ncha zake mbili na mshono utazunguka mfuko kimshazari kama nyuzi za skrubu, jambo lisilodhuru chochote. Mishono minne ikila sentimita 2 kila mmoja, unabaki na mzunguko wa 68, yaani upana wa 34 ukiulaza mfuko. Ni vilevile tulivyopima kwenye viatu, na ziada bado ipo.

Mwambie fundi akunje kila mshono mara mbili ili nyuzi zisitoke, atumie sindano nyembamba, na asirudie kushona mahali palepale, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Wa kwangu una miaka mitano, ni wa buluu yenye maua, na umepita juu ya karia za matatu nyingi. Vipande vinne vilivyobaki vinatosha mfuko wa pili. Kwa hiyo mwavuli ukivunjika msimu huu usiutupe: chuma mpe anayenunua vyuma chakavu, kitambaa mpelekee fundi, na usisahau kumbebea kamba ya kiatu.