Mbao mbichi ndiyo adui mkubwa wa fundi wa nyumbani

WENGI wanaofungua karakana ndogo nyumbani huko Nkubu, Kaunti ya Meru, huanza kwa kuwaza mashine. Hupiga hesabu ya bei ya drili, randa ya umeme na msumeno wa meza, kisha hukata tamaa wakiamini kwamba bila vifaa hivyo hawawezi kushindana na maduka ya samani ya mjini.

Hata hivyo, kinachomrudisha mteja mlangoni akiwa amekasirika si ukosefu wa mashine. Ni meza iliyopasuka katikati, mlango wa kabati usiofungika, au kitanda kinacholia kila mtu anapojigeuza, miezi michache tu baada ya kununuliwa. Mara nyingi kasoro hizo zina chanzo kimoja, nacho ni mbao iliyofanyiwa kazi kabla haijakauka.

Mji wa Nkubu umo katika barabara ya kutoka Meru kuelekea Embu, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Umezungukwa na mashamba ya majani chai, kahawa na ndizi, na katika mipaka ya mashamba hayo hukua miti ya mbao. Unaoonekana zaidi ni mgrevilea, ambao wengi katika eneo la Mlima Kenya huuita mukima. Asili yake ni Australia, na uliletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni ili kuipa kivuli mimea ya chai na kahawa.

Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 1999, na ikafanya hivyo tena Februari 2018. Hatua kama hizo ziliwafanya wanunuzi wa mbao kuyageukia mashamba ya wakulima, na mgrevilea uliokuwa mti wa kivuli na kuni ukawa mti wa biashara.

Kwa fundi wa Nkubu, hali hiyo ina faida na hatari. Faida ni kwamba mbao iko karibu. Hatari ni kwamba mti huweza kuangushwa Jumatatu, ukapasuliwa papo hapo shambani kwa msumeno wa injini, na mbao zikawa zimefika kwa fundi kabla ya Ijumaa zikiwa bado zinatoa maji. Kazi ya kuzikausha, ambayo kiwanda kikubwa kingeifanya kwa tanuri, humwangukia fundi mwenyewe.

Kwa nini mbao hupinda

Mti ulio hai hubeba maji ya aina mbili: yaliyomo ndani ya mashimo madogo ya nyuzi zake, na yaliyonyonywa na kuta za nyuzi hizo. Maji ya kwanza yanapotoka, mbao huwa nyepesi lakini haibadiliki umbo. Kiwango cha unyevu kinaposhuka chini ya takriban asilimia 30, maji ya kwenye kuta huanza kutoka, na hapo ndipo mbao huanza kusinyaa.

Kusinyaa huko si kwa usawa. Mbao haipungui urefu kwa kiasi cha kuonekana. Hupungua upana, na kwa kawaida hupungua karibu mara mbili zaidi kwa kufuata mzunguko wa pete za umri kuliko kwa kuzikata pete hizo kuelekea kwenye kiini. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ubao bapa ujikunje kama kigae, na gogo lipasuke kuanzia pembeni hadi katikati.

Tatizo huonekana zaidi samani inaposafirishwa. Kutoka Nkubu hadi Isiolo ni mwendo wa saa chache tu kwa gari, lakini fundi huwa ameitoa samani yake kwenye nyanda za baridi na mvua na kuipeleka kwenye joto na hewa kavu. Meza iliyoonekana imetulia ikiwa Nkubu huendelea kukauka ikiwa Isiolo. Ikiwa imepigiliwa misumari pande zote, haina pa kusogea ila kupasuka.

Namna ya kukausha bila tanuri

Ukaushaji wa hewa hauhitaji gharama kubwa. Unahitaji kivuli, upepo na subira. Kwanza, mbao ziinuliwe kutoka ardhini kwa matofali au magogo, angalau kufikia goti, ili unyevu wa udongo na mchwa visizifikie. Mgrevilea hauna kinga kubwa dhidi ya mchwa.

Pili, kila tabaka la mbao litenganishwe na jingine kwa vijiti vikavu vyenye unene wa takriban milimita 25, vikiwa vimeachana kwa nusu mita hivi. Jambo linalosahaulika na wengi ni kwamba vijiti hivyo lazima vipangwe kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu. Kijiti kikikaa upande tofauti na kilicho chini yake, uzito wa rundo huupinda ubao uliopo katikati, nao hukauka ukiwa umepinda hivyo hivyo.

Tatu, ncha za mbao zipakwe rangi nzito au nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ncha, na ndiyo sababu nyufa huanzia huko. Nne, rundo lifunikwe juu kwa mabati na kuwekewa mawe mazito, lakini pande zake ziachwe wazi ili upepo upite. Kulizungushia karatasi ya nailoni ni kulialika kuvu, na kuzianika mbao juani ni kuzipasua.

Kanuni ya zamani ya maseremala ni kukadiria mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Mbao nyepesi hukauka mapema kuliko hapo, na msimu nao una athari. Katika eneo la Meru, mvua ndefu hunyesha kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Mbao zilizopangwa mwanzoni mwa kiangazi hupata nafasi nzuri zaidi kuliko zilizopangwa mvua inapoanza.

Mizani badala ya mashine

Kuna vifaa vya kielektroniki vya kupima unyevu wa mbao, lakini fundi asiye na kifaa hicho anaweza kutumia mizani ndogo ya jikoni. Akate kipande kidogo kutoka sehemu ya ndani ya ubao, mbali na ncha, na kukipima papo hapo. Kisha akikaushe polepole kwenye oveni, joto likiwa juu kidogo ya nyuzi 100, bila kukiacha peke yake, huku akikipima mara kwa mara hadi uzito usipungue tena.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kipande kikiwa na gramu 600 mwanzoni na gramu 480 baada ya kukauka kabisa, maji yaliyotoka ni gramu 120. Gawanya 120 kwa 480, na jibu ni asilimia 25. Mbao hiyo bado haijafaa kutengenezea meza. Kwa samani za ndani, kiwango cha asilimia 12 hadi 15 kinafaa zaidi, na kwa samani inayokwenda sehemu kavu ni bora kukaribia 12.

Asiye na oveni anaweza kuchagua ubao mmoja wa rundo na kuupima kila wiki, akiandika uzito wake ukutani. Wiki kadhaa zikipita bila uzito kupungua, hewa ya mahali hapo imefanya yote inayoweza kufanya. Baada ya hapo, mbao ziingizwe ndani ya karakana zikae majuma machache zaidi kabla ya kukatwa.

Hata mbao iliyokauka vizuri huendelea kutanuka na kusinyaa kidogo msimu ukibadilika. Kwa hiyo uso wa meza usigandishwe kwa gundi wala kupigiliwa misumari kwenye fremu yake. Ushikizwe kwa skrubu zilizopitishwa katika matundu marefu kidogo, ili uweze kusogea bila kupasuka. Miguu nayo iungwe kwa ulimi uliochongwa na kuingizwa katika tundu lake, kwa sababu msumari peke yake hulegea.

Vifaa vichache vyenye makali

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Fundi anayeanza anaweza kufanya kazi nyingi akiwa na msumeno wa mkono, randa, patasi tatu za upana tofauti, nyundo, guni la kupimia pembe mraba, futi na jiliwa. Vifaa vya mkono vilivyotumika hupatikana kwa bei nafuu, na mafundi wa jua kali hufua patasi na visu kutokana na springi za magari makuukuu, chuma ambacho kinashika makali vizuri.

Kinachohitajika zaidi ni kunoa. Patasi butu ni hatari kuliko kali, kwa sababu humlazimu fundi kusukuma kwa nguvu, na inapoteleza huishia kwenye kiganja. Kipembe cha nyuzi 25 hadi 30 kinafaa kwa kazi nyingi. Asiyekuwa na kinoo kizuri anaweza kubandika msasa wa maji juu ya kipande cha kioo kinene, akaanza na msasa mkwaruzo na kumalizia na laini. Upande wa nyuma wa patasi lazima uwe bapa kabisa, la sivyo makali hayatatimia.

Vipimo navyo vinaweza kuhakikishwa bila gharama. Guni hupimwa kwa kuchora mstari kutoka ukingo ulionyooka, kisha kuligeuza upande wa pili na kuchora tena pale pale. Mistari ikiachana, guni si la kuaminika. Fremu ya mlango au kabati hupimwa kutoka kona hadi kona. Pande zinazokabiliana zikiwa sawa na vipimo viwili vya mshazari vikilingana, fremu imekaa mraba. Vibanio vya kushikilia mbao zilizotiwa gundi ni ghali, lakini vipande virefu vya mpira wa tyubu kuukuu la gari, vikivutwa na kuzungushwa mara kadhaa, hubana kwa nguvu na bila kuchubua mbao.

Vidole havina vipuri

Ajali mbaya katika karakana ndogo nyingi husababishwa na mashine ya mkono ya kukatia chuma, inayofahamika kama grainda. Baadhi ya mafundi huondoa kinga yake na kufunga humo bleedi ya meno ya kukatia mbao. Ni hatari kubwa. Grainda ndogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kasi ambayo bleedi nyingi za mbao hazikuundwa kuihimili. Jino likinasa kwenye kifundo cha mbao, mashine huruka kutoka mkononi kuelekea usoni au mapajani. Kila bleedi huandikwa kasi yake ya juu, na kasi hiyo isiwe ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye mashine.

Waya wa kurefusha umeme uliozungushwa kwenye gurudumu ufunguliwe wote kabla ya kuunganishwa na mashine nzito, kwa sababu ukiachwa umejikunja hupata joto na huweza kuyeyuka. Maranda yafagiliwe kila jioni, na vanishi ihifadhiwe mbali na jiko. Umeme ukikatika, swichi ya mashine izimwe mara moja, isije ikawaka yenyewe umeme unaporejea huku mkono wa mtu ukiwa karibu.

Vumbi la mbao halipaswi kudharauliwa. Mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mgrevilea wenyewe unaweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu. Barakoa inayobana vizuri, miwani ya kinga na kufanyia kazi ya msasa nje ya nyumba ni hatua za gharama ndogo. Katika karakana ya nyumbani, anayevuta vumbi si fundi peke yake bali pia watoto wanaocheza uani.

Kabla ya hayo yote kuna suala la sheria. Usafirishaji wa mbao huhitaji kibali, na fundi anayenunua mti shambani anashauriwa kufika kwanza katika ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS, iliyo karibu. Mbao zikinaswa barabarani bila karatasi, hasara humfika aliyezilipia.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hesabu ni wazi. Fedha za mashine moja ya umeme zinaweza kununua mbao za kutosha kujaza banda la kukaushia. Mwaka ukipita, fundi huyo atakuwa na mbao kavu ambazo wengi wa washindani wake hawana, na ataweza kumwahidi mteja wa Isiolo kwamba meza yake haitapasuka. Aanze kwa rundo moja msimu huu, aliongezee jingine msimu ujao, na kila ubao auandikie tarehe ulipopangwa.