Upanuzi wa Ligi Kuu Tanzania Bara katika mikoa mipya

Upanuzi wa Ligi Kuu Tanzania Bara katika mikoa mipya ni suala la muda mrefu katika soka ya Tanzania: je, ligi ya juu ifikishwe katika mikoa isiyo na klabu ndani yake, na kwa njia gani? Mfano mmojawapo ni Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu mjini Bariadi. Tangu ulipoanzishwa mwaka 2012 hadi msimu wa 2024/25, hakuna klabu ya mkoa huo iliyocheza Ligi Kuu, ingawa sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 2.1.

Namna klabu inavyoingia

Ligi Kuu ilianza mwaka 1965. Inaongozwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) pamoja na Bodi ya Ligi. Nafasi hazigawiwi kwa mikoa. Klabu hupanda kwa ushindi uwanjani: kutoka ligi ya wilaya na ya mkoa hadi Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha First League (zamani Daraja la Pili), Championship (zamani Daraja la Kwanza), na hatimaye Ligi Kuu.

Kwa hiyo ligi inaweza kufika katika mkoa mpya kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni klabu ya mkoa kupanda, jambo ambalo huwa rahisi zaidi idadi ya timu ikiongezwa. Ya pili ni klabu iliyokwisha kupanda kuhamishwa kutoka mahali pengine. Kitayosce, iliyoanzia Kilimanjaro, ilihamia Tabora na mwaka 2023 ikaitwa Tabora United. Ihefu ya Mbarali, Mbeya, iligeuka kuwa Singida Black Stars mwaka 2024. Njia hiyo huupa mkoa mmoja timu kwa kuunyang'anya mwingine.

Mabadiliko ya idadi ya timu

Ligi ilikuwa na timu 14 hadi msimu wa 2014/15, ikawa na 16 msimu uliofuata, na 20 mwaka 2018/19. Baadaye ilipunguzwa hadi 18 mwaka 2020/21 na kurudi 16 mwaka 2021/22. Ligi ya timu 16 ina mechi 240 kwa msimu. Ya timu 20 ina mechi 380. Kila klabu hucheza mechi 38 badala ya 30, na nusu yake ni za ugenini.

Msimu wa 2018/19, mzigo huo ulipoongezeka, ligi haikuwa na mdhamini mkuu. Kanda ya Ziwa ilikuwa na timu sita: Kagera Sugar, Mbao na Alliance za Mwanza, Biashara United ya Mara, pamoja na Stand United na Mwadui za Shinyanga. Kufikia mwaka 2022 zote zilikuwa zimeshuka daraja isipokuwa Kagera Sugar. Msimu wa 2024/25 kanda hiyo ilikuwa na timu mbili tu, Kagera Sugar na Pamba Jiji, na Kagera Sugar nayo ikashuka msimu huo ulipomalizika.

Mikoa minne ya mwaka 2012

Simiyu ilianzishwa pamoja na mikoa ya Geita, Katavi na Njombe. Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2017/18 na kushuka msimu huohuo. Geita Gold, timu ya halmashauri ya mji yenye udhamini wa mgodi wa dhahabu, ilipanda mwaka 2021, ikashika nafasi ya nne katika msimu wake wa kwanza na kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mshambuliaji wake George Mpole aliibuka mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Hata hivyo, nayo ilishuka mwaka 2024. Katavi, kama Simiyu, haijapata klabu ya Ligi Kuu.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono upanuzi husema kwamba kijana mwenye kipaji hulazimika kuhama nyumbani ili aonekane, na kwamba mechi kubwa huleta biashara kwa nyumba za wageni, mama lishe na wasafirishaji. Hutaja pia kwamba tangu Mtibwa Sugar ilipochukua ubingwa mwaka 2000, ni Azam pekee, mwaka 2013/14, iliyowahi kuwapokonya Simba na Yanga taji hilo.

Wanaotahadharisha hutaja gharama. Msimu wa 2024/25, timu tano zilikuwa Dar es Salaam. Klabu ya jiji hilo ilikuwa na mechi nne za ugenini bila kuondoka mjini. Klabu ya Bariadi ingesafiri kwa mechi zote 15, na safari ya Dar es Salaam pekee ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Mwaka 2021 Biashara United iliifunga Al Ahly Tripoli 2–0 nyumbani katika Kombe la Shirikisho, lakini ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano, ikatolewa. Mkataba wa miaka kumi wa matangazo ya televisheni uliosainiwa mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, uliongeza mapato ya klabu, lakini haukuondoa tofauti hiyo ya umbali.

Mifano ya nje

Ligi za raga ya wachezaji 13 zimepita njia hiyohiyo. Nchini Australia, Melbourne Storm iliundwa katika jiji lisilo na mazoea ya mchezo huo, ikaanza mwaka 1998 na kuwa bingwa mwaka 1999. Ligi ya Uingereza iliingiza timu ya Paris mwaka 1996, ikafa mwaka uliofuata; Catalans Dragons ya kusini mwa Ufaransa, penye mizizi ya mchezo huo, iliingia mwaka 2006 na kudumu. Toronto Wolfpack ya Kanada ilijitoa katikati ya msimu wa 2020 kwa kukosa fedha.

Hali ya Simiyu

Barabara ya lami kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi inaunganisha mkoa na Shinyanga, Mwanza na Mara. Maonesho ya kitaifa ya Nanenane yaliyofanyika Nyakabindi yalionesha kuwa Bariadi inaweza kupokea wageni wengi kwa wakati mmoja.

Ugumu mkubwa ni fedha za kudumu. Simiyu huongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na ununuzi wa zao hilo kwa kawaida huanza Mei, wakati ligi inaelekea ukingoni. Mechi nyingi huchezwa katika miezi ya kulima na kupalilia, mkulima akiwa hana kitu mfukoni. Viingilio pekee visingetosha kuiendesha timu. Historia ya majirani zake inaonesha kwamba kupanda kunawezekana. Linalobaki kwa Simiyu ni kupata mmiliki au mdhamini atakayeilipia timu safari zake hata baada ya shangwe za msimu wa kwanza kupoa.